Sura ya Sita: Sebule Yako Ina Kaboni Kiasi Gani?

Wanaomalizia nyumba wana swali moja ambalo haliishi: "Vigae vya China vimevuka bahari nzima kufika hapa. Si afadhali ninunue vya Mkuranga?" Mara nyingi anayeuliza jibu analo tayari, anatafuta tu wa kumuunga mkono. Tutamjibu kwa tarakimu kabla sura haijaisha. Ila kwanza tumgeuzie swali. Kwa nini aanze na vigae? Chini ya vigae hivyo kuna saruji. Ukutani kuna lipu, darini kuna bodi, na juu ya vyote kuna rangi. Hivyo vingine hakuna anayeuliza vimetoka wapi wala vilichomwa kwa moto wa aina gani, ilhali baadhi yake vinabeba mzigo mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kaboni ambayo imeshatoka

Tukisema nyayo za kaboni za kitu, tunamaanisha jumla ya gesi zinazoongeza joto la dunia zilizotolewa ili kitu hicho kipatikane, kitumike na hatimaye kitupwe. Gesi hizo ni za aina kadhaa, lakini zote hugeuzwa kuwa kilo za hewa ukaa ili zijumlishwe pamoja. Kilo moja ya methani, kwa mfano, huhesabiwa kama kilo 28 hivi za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100.

Nyumba ina kaboni za aina mbili. Ya kwanza ni ya matumizi: taa, feni, friji, kiyoyozi, vyote vinavyokula umeme wa Luku mwezi hadi mwezi. Ya pili ni kaboni iliyomo, ile iliyotoka wakati wa kuchimba, kuchoma, kusaga, kusafirisha na kufunga vifaa. Ukichoka na taa inayokula umeme, unanunua nyingine. Kigae kilichokwisha kuchomwa hakichomoleki.

Vitabu vingi vya ujenzi wa kijani vimeandikwa Ulaya, ambako nyumba hupashwa joto miezi mingi kwa mwaka, na kwa hiyo kaboni ya matumizi hutawala mazungumzo. Kwetu mambo ni tofauti. Nyumba ya Tanga au Kilifi haina haja ya kupashwa joto. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na Tanzania imepata bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo sehemu ya vifaa inavyokua katika jumla. Kwa mtu anayejenga leo huku, sehemu iliyo mikononi mwake ni kaboni iliyomo.

Uzito mara kizidishi

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Unachukua uzito wa kifaa kwa kilo, unauzidisha kwa namba inayoonyesha kilo ngapi za hewa ukaa hutoka kwa kila kilo ya kifaa hicho. Namba hiyo tuiite kizidishi. Hufanya kazi kama bei ya kilo sokoni: peke yake haikuambii utalipa kiasi gani mpaka ujue umepima kilo ngapi.

Vizidishi hukusanywa katika orodha kubwa. Mojawapo ya zinazotumika sana ilianzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kwa hiyo namba zake zinaelemea viwanda vya Ulaya. Kwa makadirio ya nyumbani zinatosha. Hizi hapa nimezikadiria kwa namba rahisi, kilo za hewa ukaa kwa kila kilo ya kifaa kinapotoka kiwandani:

- Mbao zilizopasuliwa: 0.3
- Bodi ya jipsamu: 0.4
- Plaiwudi: 0.7
- Saruji ya kawaida: 0.8
- Vigae vya kauri: 0.8
- Chaneli za chuma za kufungia dari: 2.7
- Rangi ya maji: 3
- Plastiki ya PVC: 3
- Zulia la nailoni: 5 na zaidi
- Aluminiamu mpya: 13, kwa wastani wa dunia

Usiisome orodha hii kama jedwali la wema na wabaya. Rangi ina kizidishi karibu mara nne ya kigae, lakini mita moja ya mraba ya ukuta hunywa gramu 300 hivi za rangi kwa mikono miwili, wakati mita moja ya sakafu hubeba kilo 20 za vigae. Aluminiamu ndiyo inayostahili kutazamwa kwa jicho kali. Watu wanaogawa ofisi kwa fremu za aluminiamu na vioo hudhani wamechagua kitu chepesi. Ni chepesi kweli, lakini kilo 20 tu za fremu mpya ni kilo 260 za hewa ukaa. Aluminiamu iliyoyeyushwa upya kutokana na vyuma chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya ile mpya, hivyo kujua imetoka wapi kuna faida.

Uzito hauhitaji mizani. Fundi anapokuandikia mifuko ya saruji, katoni za vigae, ndoo za rangi na idadi ya bodi, ameshakufanyia nusu ya kazi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Katoni ya vigae mara nyingi huwa na uzito wake ubavuni. Ndoo ya rangi ya lita 20 ina uzito wa kilo 26 hadi 28.

Sebule ya mita 5 kwa 4

Tuchukue sebule ya kawaida: mita 5 kwa 4, kimo mita 3. Sakafu ni mita za mraba 20. Kuta, ukitoa mlango na madirisha, ni kama mita 48. Fundi ameleta orodha, nasi tunaizidisha.

- Vigae: mita 20 kwa kilo 20 ni kilo 400. Ongeza asilimia 10 ya vinavyovunjika na vinavyokatwa, kilo 440. Hewa ukaa: kilo 352.
- Saruji ya kusawazisha sakafu, unene wa sentimita 4: mifuko 6. Hewa ukaa: kilo 240.
- Saruji ya lipu, unene wa milimita 15: mifuko 5. Hewa ukaa: kilo 200.
- Chaneli za dari: kilo 40. Hewa ukaa: kilo 108.
- Bodi za jipsamu za dari: kilo 154 pamoja na vipande vya kutupa. Hewa ukaa: kilo 62.
- Rangi ya kuta na dari, mikono miwili: kilo 19. Hewa ukaa: kilo 57.

Jumla ni kilo 1,019, yaani zaidi kidogo ya tani moja. Kuchoma lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, kwa hiyo sebule hii ni sawa na lita 440 za petroli, kabla hujaweka kochi. Mchanga sikuuhesabu kwa sababu kizidishi chake ni kidogo mno. Unachangia zaidi kupitia lori linaloubeba.

Tazama dari. Watu hujadili bodi: ya jipsamu au ya plaiwudi, yenye maua au isiyo na maua. Chaneli zinazoshikilia bodi, ambazo hakuna atakayeziona tena baada ya siku mbili, zimetoa karibu mara mbili ya bodi zote. Tazama na lipu. Ukuta ukiwa umepinda, fundi hulazimika kuujaza mpaka unyooke, na lipu ya milimita 15 hufika 20 bila mtu kushtuka. Milimita 5 hizo katika sebule yetu ni kilo 67 za hewa ukaa, zaidi ya bodi zote za dari.

Kwa ufupi: katika umaliziaji wa kawaida, vigae na saruji hubeba karibu asilimia 80 ya mzigo. Kinachoonekana kwa mgeni na kinachotoa kaboni nyingi si lazima kiwe kitu kimoja.

Jiwe linalotoa gesi na jiwe linalotoa maji

Kwa nini bodi ya jipsamu ina kizidishi nusu ya saruji, wakati vyote viwili ni mawe yaliyochomwa na kusagwa? Tofauti iko ndani ya jiwe.

Jipsamu, kama ile inayochimbwa Kilwa au Makanya, ni jiwe lililoshika maji ndani yake. Ukilipasha joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, linaachia mvuke wa maji na kuwa unga. Ukiurudishia maji, unaganda. Hewa ukaa inayotoka ni ya mafuta au gesi uliyochoma tu. Chokaa ya kutengenezea saruji ni habari nyingine. Tanuri lake hufika nyuzi 1,450, na jiwe lenyewe likipata joto huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa magamba na matumbawe ya bahari ya kale. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe, si kwenye moto. Unaweza kubadili makaa ya mawe ukatumia gesi, au gesi ukatumia maganda ya korosho. Jiwe halibadiliki.

Kuta za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimepigwa lipu ya chokaa ya matumbawe, nayo pia ilitoa hewa ukaa tanurini. Ila lipu ya chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ukaa kutoka hewani, na kwa miaka inarudisha sehemu kubwa ya ile iliyotoka kwenye jiwe. Saruji nayo hunyonya kidogo, polepole zaidi. Sisemi turudi kwenye tanuri za kuni za mikoko. Mikoko iliyobaki ina kazi ya kutosha ya kuzuia bahari.

Meli na lori

Sasa vigae vya China. Meli ya makontena hutoa takriban gramu 12 za hewa ukaa kwa kila tani inayosafiri kilomita moja. Ni kidogo kwa sababu meli moja hubeba maelfu ya makontena. Safari ya kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 10,000, kwa hiyo tani moja ya vigae huongezewa kilo 120 hivi. Kwa vigae vya sebule yetu, safari yote ya bahari ni kilo 53, pungufu ya rangi ya ukutani.

Lori si meli. Kwa barabara zetu, na kwa lori ambalo mara nyingi hurudi tupu, gramu 100 kwa tani kwa kilomita ni makadirio ya haki. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 1,150 hivi, nazo hutoa kilo 115 kwa tani. Yaani mkazi wa Mwanza aliyenunua vigae vya Mkuranga, jirani na Dar es Salaam, na mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, aliyenunua vya China wamebeba mzigo wa safari unaokaribiana. Mwananchi wa Bukavu au Lubumbashi anayepokea mzigo kupitia bandari ya Dar es Salaam anabeba zote mbili, ya meli na ya lori, na ya lori ndiyo nzito zaidi.

Je, basi asili ya kigae haina maana? Inayo, ila si kwa sababu ya bahari. Kigae huchomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi, na hapo ndipo kaboni yake nyingi ilipo. Makaa ya mawe hutoa karibu mara 1.7 ya hewa ukaa ya gesi asilia kwa joto lilelile. Viwanda vingi vya vigae vya China vimetumia kwa miaka mingi gesi inayotengenezwa kwa makaa ya mawe. Kiwanda kilicho karibu na bomba la gesi asilia, na bomba la kutoka Mtwara linapita Mkuranga, kina nafasi ya kutoa kigae chenye kaboni ndogo. Kwa hiyo anayependelea vya hapa huenda ana haki, ila sababu yake ndiyo dhaifu. Swali la kumuuliza muuzaji ni tanuri linawaka kwa nishati gani, na kama kiwanda kina tamko la mazingira la bidhaa. Tamko hilo ni karatasi inayoonyesha kaboni ya bidhaa hiyohiyo, ikiwa imekaguliwa na mtu asiye wa kiwanda. Maduka mengi yatakutolea macho. Uliza hivyohivyo.

Sifa za mbao

Mbao husifiwa kwamba zina kaboni hasi, na wauzaji wa samani wamelipenda neno hilo. Msingi wake ni wa kweli. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta hewani, na kila kilo moja ya mbao imeshikilia kama kilo 1.8 za hewa ukaa. Mlango wa kilo 35 umetoa kilo 11 wakati wa kupasuliwa na kurandwa, na umeshikilia kilo 63.

Kishawishi ni kutoa 11 kwa 63 na kujipongeza. Mimi huziandika kwenye mistari miwili na kukataa kuzichanganya. Kaboni ile imehifadhiwa kwa sharti kwamba mti mwingine umepandwa mahali pa ule uliokatwa, na kwamba mlango hautachomwa kuni wala kuliwa na mchwa mwaka wa kumi. Msonobari wa shamba la Sao Hill, Mafinga, hupandwa, hukatwa na kupandwa tena katika mzunguko wa miaka 20 na kitu. Mninga wa pori huchukua makumi ya miaka kufikia unene wa kupasua mbao, na aliyeukata kinyemela hajapanda kitu. Milango miwili inaweza kufanana uzito na kizidishi, mmoja ukawa umeacha shamba na mwingine pengo msituni. Jedwali halionyeshi hilo. Risiti ya mbao zenye muhuri wa misitu inaonyesha.

Kinachorudiwa

Hadi hapa tumehesabu siku ya kwanza tu. Nyumba huishi miaka 50 au zaidi, na vifaa vya ndani havilingani umri nayo. Ukipaka rangi upya kila miaka 5, kwa miaka 50 umepaka mara 10, na kilo 57 zimekuwa 570. Rangi, iliyokuwa ya mwisho kwenye orodha, imevipita vigae.

Zulia la nailoni la ukuta hadi ukuta ni baya zaidi. Mita 20 zenye uzito wa kilo 2 kila moja ni kilo 200 hivi za hewa ukaa, na katika ofisi yenye watu wengi halivuki miaka 8 likiwa na sura. Kapeti la plastiki la kununua kwa mita, ambalo wapangaji wengi hutandika juu ya saruji, ni jepesi, kama kilo 60 za hewa ukaa kwa sebule nzima, lakini linachanika haraka na kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Upande wa pili kuna sakafu za terazo katika shule, hospitali na ofisi zilizojengwa enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, ambazo bado zinapigwa deki kila asubuhi. Sakafu ile imegawanya kaboni yake kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo kila mstari wa hesabu uongezee safu moja: mara ngapi. Na uwe mkweli. Vigae vinaweza kudumu miaka 50, lakini vingi hung'olewa vikiwa vizima kwa sababu rangi ya maziwa imepitwa na wakati na sasa watu wanataka ya kijivu. Kigae kinachong'olewa mara moja tu kabla ya wakati wake kimegeuza kilo 352 kuwa 704.

Sebule ileile, orodha nyingine

Wanaotaka kupima nyumba nzima wana programu ya EDGE ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), inayofunguliwa bure na inayohesabu vifaa pamoja na umeme na maji. Kwa chumba kimoja, karatasi na kalamu vinatosha.

Turudie sebule yetu. Badala ya vigae, sakafu ipigwe niru juu ya saruji ya kusawazisha, nyekundu au kijivu, ing'arishwe vizuri: mfuko mmoja zaidi, kilo 40, na kilo 352 za vigae zimeondoka. Si kila mtu atakubali, na niru iliyopigwa na fundi mvivu hupasuka. Darini, bodi za jipsamu zishikwe na mbao za msonobari badala ya chaneli: kilo 18 badala ya 108. Kuta, lipu na rangi vibaki vilevile. Jumla mpya ni kilo 617, pungufu kwa karibu asilimia 40, na chumba bado ni sebule ya kupokea mgeni.

Ukuta ukijengwa kwa kamba na timazi, lipu inaweza kushuka hadi milimita 12 na kuokoa kilo 40 nyingine. Hilo huamuliwa na fundi wa tofali, miezi kadhaa kabla ya wa lipu kuitwa.

Kisha soma mfuko wa saruji. Klinka ni yale madonge yanayotoka tanurini, na ndiyo yenye kaboni. Saruji iliyoandikwa CEM I ina klinka isiyopungua asilimia 95. CEM II ina pungufu, na CEM IV huchanganywa na majivu ya volkano, klinka ikishuka wakati mwingine hadi karibu nusu. Kizidishi cha saruji ya namna hiyo kinaweza kuwa 0.6 au chini yake. Kwa mifuko 11 iliyobaki katika sebule yetu, kutoka 0.8 hadi 0.6 ni kilo 110, na jumla, pamoja na akiba ile ya lipu, inafika kilo 467, chini ya nusu ya tulikoanzia. Kwa lipu na kusawazisha sakafu, saruji ya nguvu ya 32.5 inatosha, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kwa nguzo na zege la slabu, muulize mhandisi kabla ya kubadili mfuko.